Mwezi wa kwanza wa kulea mtoto wa watu: mwongozo kamili kwa dada anayeanza kazi

Simu za mabinti waliorudishwa haziniishi. "Dada, wamesema mtoto hanitaki." "Dada, mama kaninunia tu, hata sijui nimekosa nini." Binti kapanda basi kutoka Singida au Njombe, kashuka Mbezi Luis na begi lake, kakaa wiki tatu, kageuza.

Nikimhoji taratibu nakuta kazi anaijua. Kupika anapika, kufua anafua, kumwogesha mtoto anaweza. Yaliyomshinda ni mawili: hakumpa mtoto nafasi ya kumzoea, na kuna kitu alimficha mama. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hayo mawili hasa. Mengine yamo, lakini hayo ndiyo yanayowarudisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha NIDA au namba yake. Kama huna, chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji chako.
- Majina na namba za simu za wadhamini wawili, mmoja wao asiwe ndugu yako.
- Simu yako mwenyewe, hata ya kitochi, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Mshahara utapitia humo.
- Daftari dogo na kalamu. Hivi usiviache kabisa.
- Kanga mbili za kazi, ndala za ndani, taulo lako.
- Nauli ya kurudia. Ifiche mbali na pesa ya matumizi. Mwenye nauli ya kurudi halazimiki kukaa mahali anapoteswa.

Kata kucha ziwe fupi kabla ya safari. Ngozi ya mtoto mchanga inachubuka kwa kitu kidogo sana.

## Hatua ya 1: Kubalianeni kabla hujafungua begi

Kaa na mama mwenye nyumba, na baba akiwepo ni vizuri zaidi. Ulizia haya moja moja: mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, kazi ni kumlea mtoto tu au pamoja na kupika, kufua na kupiga deki, unalala wapi, siku yako ya kupumzika ni ipi, simu unaruhusiwa kuishika saa ngapi.

Swali la kazi ndilo wengi wanaliruka, na ndilo linalozaa ugomvi. Ukiambiwa "utamlea mtoto" halafu ukakuta nguo za watu sita kwenye beseni, mtoto atabaki peke yake sebuleni wakati wewe unafua. Sema mapema, kwa heshima: "Mama, mtoto akiwa macho mimi niko naye. Vyombo na nguo nitafanya akilala." Mama mwenye akili atafurahi kusikia hivyo.

Jua pia haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamhusu na mfanyakazi wa nyumbani. Inataka maelezo ya kazi yawe kwa maandishi, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Huna haja ya kuingia na sheria mdomoni kama wakili, lakini ijue.

Tahadhari: Usikubali mshahara wako upite kwa dalali, wala kwa shangazi aliyekuleta, wala "utunzwe" na mwajiri mpaka mwisho wa mwaka. Uingie kwenye simu yako, kila mwezi, tarehe mliyokubaliana. Wa kumtumia nyumbani utamtumia mwenyewe.

## Hatua ya 2: Mhoji mama, andika kila kitu

Siku ya kwanza fungua daftari mbele yake. Usione aibu. Mama anayemwachia mgeni mwanawe anataka kuona kwamba mgeni huyo anasikiliza.

Andika mtoto anakula nini na saa ngapi, kipi kinamdhuru, analala vipi, anaogopa nini, akilia anabembelezwaje. Ana pumu, degedege, siko seli? Kadi yake ya kliniki inakaa wapi, na chanjo inayofuata ni lini? Nani anaruhusiwa kumchukua nje ya geti? Andika namba ya mama, ya baba, ya jirani wa karibu, ya zahanati na ya bodaboda mnayemwamini. Ukurasa huo wa namba uchane ubandike ukutani jikoni, maana simu huzima chaji siku ya balaa.

Uliza na maneno ya mtoto mwenyewe. Kuna nyumba niliyolea mtoto aliyekuwa akisema "bubu" akitaka maji. Siku mbili nzima nilikuwa nampa mdoli wake, naye analia mpaka anakauka. Mama aliporudi akacheka: "Dada, bubu ni maji." Tangu hapo hilo ndilo swali langu la kwanza.

## Hatua ya 3: Mwache mtoto akufuate

Hapa soma polepole.

Kosa la karibu kila binti ni kumnyanyua mtoto dakika ile ile anapoingia. Anamvuta kutoka mikononi mwa mama, anamrusha juu, anamchekea sana. Mtoto wa miezi minane hadi mwaka na nusu yuko kwenye umri wa kuogopa wageni na kulilia mama akitoka. Ndivyo watoto wanavyokua, wala hakuna kilichoharibika. Ukimvamia, wewe ndiye unayekuwa sura ya siku ambayo mama aliondoka.

Mtoto wangu wa pili kumlea alikuwa na miezi 11. Asubuhi ya kwanza mama alipofunga geti alilia akiwa ameng'ang'ania nondo za mlango kwa mikono miwili, kamasi mpaka kidevuni. Nilimjaribu kwa biskuti, akaitupa. Nikamjaribu kwa katuni, hakugeuza hata shingo. Mwishoni nikatandika mkeka hatua tatu kutoka alipo, nikachukua ungo, nikaanza kuchambua mchele. Sikumtazama. Nilikuwa naimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliye peke yake.

Kilio kikageuka kwikwi. Kwikwi zikaachana. Zilipita kama dakika 20 nikasikia pampasi inasugua sakafu. Akaja, akashika ukingo wa ungo, akatia kiganja chote kwenye mchele, akaniangalia usoni kuona nitafanya nini. Nikamsogezea ungo. Mchele ulimwagika nusu kilo siku hiyo, na mchana alilala mgongoni kwangu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Siku mbili za kwanza omba mama au ndugu mwingine awepo nyumbani, hata kwa nusu siku. Wewe kaa karibu, fanya kazi ndogo, mtoto akuone ukiongea vizuri na watu wake. Mtoto anampokea yule anayemwona mama amempokea.
2. Kaa chini. Ukisimama wewe ni mlingoti, ukiwa mkekani wewe ni mtu.
3. Anza na jambo linalompendeza: kuoga, kwenda kutazama kuku, kubebwa kwa mbeleko. Kumpa dawa na kumkata kucha mwachie mama wiki ya kwanza.
4. Mama asitoke kwa kunyemelea. Aage, ampungie mkono, atoke. Mtoto atalia, ndiyo. Lakini mtoto aliyetorokwa hukaa siku nzima akichungulia mlango.

Utajua umefaulu siku atakapojigonga kidogo na kukukimbilia wewe, au atakapokuletea kitu chake bila kuombwa. Kwa wengine ni siku ya nne, kwa wengine wiki ya tatu. Mwambie mama mapema kwamba kilio cha siku za mwanzo si dalili ya kuteswa, ili asikuwazie mabaya.

## Hatua ya 4: Weka mpangilio wa siku

Mtoto anayejua kinachofuata hasumbui sana. Saa si lazima ziwe zile zile kila siku, mradi mfuatano usibadilike. Kwa mfano: uji, kucheza nje kabla jua halijawa kali, kuoga, tunda, usingizi, chakula cha mchana, michezo ya ndani, usingizi mfupi, kumpokea mama.

Televisheni ibaki ya dharura. Jiwekee michezo isiyo na gharama: kufungua na kufunika vyombo vya plastiki, kumwaga maji kwa kikombe ukiwa pembeni yake, kuita majina ya vitu njiani kwenda dukani. Wa miaka mitatu na kuendelea mpe hadithi. Ukisema "paukwa" naye akajifunza kujibu "pakawa", kila jioni atakuja mwenyewe.

## Hatua ya 5: Kagua nyumba kwa urefu wa mtoto

Piga magoti utembee nyumba nzima ukiwa hivyo hivyo. Utaviona vitu ambavyo ukiwa umesimama huvioni: waya wa pasi unaoning'inia, soketi, sarafu chini ya kochi, sumu ya panya nyuma ya kabati.

Maji. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu. Kichwa chake ni kizito, akitumbukia hawezi kujiinua. Nyumba zetu za Dar zimejaa madiaba na ndoo za akiba. Kila kimoja kiwe na mfuniko, mlango wa bafu ufungwe, na beseni la kufulia limwagwe papo hapo. Simu ikiita wakati unamwogesha, iache iite.

Sumu. Mafuta ya taa au dawa ya madoa isikae kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu yakiingia mapafuni ndiyo yanayoua. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Moto. Mikono ya sufuria igeuzwe ukutani. Chupa ya chai isikae ukingoni mwa meza yenye kitambaa, maana mtoto huvuta kitambaa.

Kukabwa. Karanga, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima usimpe mtoto mdogo. Akikabwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, piga kelele ya kuita watu huku unaanza. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisha mgeuze chali, mkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia mpaka kitoke. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Usingizi. Mtoto mchanga alale chali, pasipo mito wala mablanketi mazito kumzunguka uso.

## Hatua ya 6: Chakula na ugonjwa

Kabla ya miezi 6 mtoto ni wa maziwa tu. Maji, uji mwepesi, hata kijiko cha asali, usimpe kwa ushauri wa jirani. Asali asionje mpaka atimize mwaka.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa nje kwa takriban saa 4 pakiwa na ubaridi wa kawaida. Kwa joto la Dar usisubiri muda huo, yaweke kwenye friji, ambako hukaa hadi siku 4. Yapashe kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, siyo jikoni moja kwa moja. Aliyobakiza asipoyamaliza ndani ya saa 2, yamwage.

Dawa yoyote, hata ya mafua, hata iliyobaki ya mwezi uliopita, usimpe bila mama kukuambia kipimo. Zaidi ya yote, usimpe kitu cha kumlaza. Nimesikia mabinti wakielekezana, na inanitia uchungu. Mtoto huweza kulala moja kwa moja.

Mpigie mama mara moja, bila kungoja jioni, mtoto akiwa na homa, akitapika, akiharisha au akikataa kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Anayeharisha mwanzie ORS, ile dawa ya unga ya kurudishia maji mwilini, wakati mnapanga safari ya hospitali: soma pakiti, nyingi ni za kuchanganya na lita 1 ya maji safi, na yaliyobaki baada ya saa 24 uyamwage.

## Hatua ya 7: Mwambie mama ukweli kabla hajauliza

Kazi yangu ya kwanza niliipoteza kwa nundu.

Mtoto alianguka kutoka kwenye kochi nikiwa jikoni. Kichwani, juu ya sikio, pakavimba kidogo. Nikampaka maji ya baridi, akanyamaza, akacheza, nikajisemea itashuka. Jioni mama akampakata, akawa anamchezea nywele huku anaangalia taarifa ya habari. Nilikuwa napanga sahani mezani. Nikaviona vidole vyake vinasimama. Vikarudi nyuma, vikapapasa tena.

"Dada, hapa pana nini?"

Nikasema sijui.

Hakunigombeza. Asubuhi alinipa nauli. Nililia njia nzima, na nilipokuja kuwa na mwanangu ndipo nikamwelewa. Mtoto kuanguka hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba kuanzia jioni ile asingejua tena siku ya mwanawe imepitaje.

Fanya hivi kila jioni, dakika tano, ukiwa na daftari: amekula nini na kiasi gani, amelala mara ngapi, choo kilikuwaje, amejifunza nini, ameumia wapi. La kuumia lisingoje jioni. Piga simu pale pale: "Mama, ameanguka kutoka kwenye kochi, amevimba juu ya sikio, amelia kidogo, sasa anacheza. Namwangalia." Akitapika mara kwa mara, akisinzia kusiko kwa kawaida, akizimia au akipata degedege baada ya kugonga kichwa, apelekwe hospitali hapo hapo.

Tahadhari: Mtoto akipiga hatua yake ya kwanza mchana mama hayupo, sema "leo anataka kutembea kweli, hebu mwite". Mwache mama aione mwenyewe. Na akikuita wewe "mama", mrekebishe kwa upole: "Mimi ni dada. Mama anakuja jioni." Yule mama aliyempeleka mwanawe kliniki, akamnyonyesha usiku na asubuhi akapanda daladala, maneno haya yanamgusa kuliko unavyodhani.

Utajua umefaulu mama atakapoacha kupiga simu kila saa.

## Hatua ya 8: Kumkanya mtoto bila kumpiga

Usimpige, hata kama mama mwenyewe amekuambia "mchape tu". Siku alama itakapoonekana, ruhusa hiyo haitakumbukwa.

Wa miaka miwili akitupa chakula, ondoa sahani, mwambie "chakula hakitupwi", subiri kidogo, mrudishie. Wa miaka minne akigoma kuoga, mpe uchaguzi: unaanza miguu au mikono? Usimtishie kwa askari, daktari au zimwi. Kuna siku utamhitaji amkimbilie askari au daktari.

Akikutukana au kukudharau kwa sababu ameona wakubwa wakifanya hivyo, usimjibu mtoto. Liongee na mama mkiwa wawili.

## Hatua ya 9: Watu wengine wa nyumba

Bibi akija kutoka kijijini atataka mtoto alelewe kama zamani. Msalimie kwa heshima, mpe mtoto ampakate, msikilize. Akisema umpe mtoto wa miezi mitatu maji ya mchele, usibishane naye: "Sawa bibi, ngoja nimpigie mama nimuulize." Neno la mama ndilo linalokulinda.

Mambo ya chumbani, ya pesa na ya ugomvi wa wenye nyumba yasitoke nje ya geti, wala picha ya mtoto isiende kwenye simu ya mtu bila ruhusa.

Kwa wanaume wa nyumba, salamu na shughuli zinatosha. Chumba chako kiwe na komeo. Mtu akikushika au kukutaka kwa nguvu, kosa si lako. Toka mahali hapo, mwambie mtu unayemwamini, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona mtoto mwenyewe anafanyiwa ukatili, namba 116 ni ya simu kwa ajili ya watoto.

Ukinyimwa mshahara, CHODAWU ni chama kinachowapokea wafanyakazi wa majumbani, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa lifike CMA ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani ukilia mwezi mzima.

## Hatua ya 10: Ukifika wakati wa kuondoka

Toa taarifa mapema ili mama apate mtu mwingine, na ukiweza kaa naye huyo mpya siku mbili tatu. Mkabidhi daftari lako. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa binti anayekuja nyuma yako.

Usitoroke alfajiri mtoto akiwa amelala. Siku mbili kabla, kaa naye mkekani umwambie kwa maneno anayoyaelewa kwamba unakwenda kwenu kwa mama yako, na kwamba dada mwingine atampikia uji. Ataliliza nyumba nzima. Mpakate, mwage, mkabidhi mikononi mwa mama yake, kisha utoke.

Ile kanga uliyokuwa ukimbebea muachie, na usiifue. Usiku wa kwanza ataitafuta harufu yako, na atalala nayo.